Sarafu adimu za shaba: kutoka Kilwa hadi Katanga

Sarafu za shaba zilizotolewa na tawala za Afrika Mashariki ziko katika makundi mawili yaliyoachana kwa karne kadhaa. Kundi la kale ni la masultani wa Kilwa, waliokuwa na sarafu zao wenyewe kabla Wareno hawajatia nanga pwani hii. Kundi la pili linaanza mwaka 1299 wa Hijra, yaani 1882 hivi, Sayyid Barghash bin Said alipotoa Unguja pesa za shaba zenye jina lake. Baada yake ikafuata kampuni ya Waingereza iliyoshika Mombasa, kampuni ya Wajerumani iliyoshika Mrima, kisha serikali zilizorithi mamlaka yao. Zote hizo zilikuwa chenji za watu wa kawaida. Dhahabu na fedha zilipita mikononi mwa matajiri wa pembe na karafuu, zikahesabiwa na kufungiwa kashani. Shaba ilinunua dagaa, muhogo na chumvi, ikazunguka sokoni hadi maandishi yake yakafutika. Ndiyo maana sarafu iliyotolewa kwa mamilioni huweza leo kuwa taabu kuipata ikiwa inasomeka vizuri, na ndiyo maana anayeanza kukusanya hukosea akidhani kwamba umri peke yake ndio unaoifanya sarafu kuwa adimu.

Sarafu za Kilwa ni ndogo na nyembamba. Hazina tarehe, hazina jina la mji wala thamani. Upande mmoja umechapwa jina la mtawala kwa Kiarabu, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu. Maneno hayo hayakuwekwa ovyo: yamechaguliwa ili yaishie kwa kina kimoja na jina la sultani, hata pande mbili zikisomwa kwa mfuatano zinatoa mishororo miwili yenye vina. Kwa pwani iliyokuja kutukuza ushairi kuliko sanaa nyingine zote, inafurahisha kuona kwamba hata chenji ya sokoni ilipambwa kwa vina. Mtindo huo una mizizi ya kale zaidi. Mwaka 1984, Mtambwe Mkuu kisiwani Pemba, ilipatikana hazina ya sarafu zaidi ya 2,000 za fedha zilizotengenezwa papa hapa pwani, nazo pia zina majina ya watawala yaliyounganishwa na maneno ya vina. Kilwa ilipopanda, mtindo ukabaki lakini madini yakawa shaba.

Jina linaloonekana mara nyingi katika sarafu hizo ni la Ali bin al-Hasan, ambaye mapokeo yanamtaja kuwa mwanzilishi wa nasaba ya Kishirazi. Sarafu zake ziliendelea kutumika muda mrefu baada ya kufa kwake, na zimechimbuliwa katika tabaka za ardhi za zama tofauti. Zipo nyingine zenye lakabu ya Nasir al-Dunya, na wanahistoria hawajakubaliana ni mtawala gani aliyeitumia. Kwa kuwa sarafu hizi hazina tarehe, njia ya kuzipangia zama ni kuangalia tabaka zilimopatikana na vitu vilivyokuwa pamoja nazo, kama vigae vya vyungu na vyombo vya China. John Walker wa British Museum alizichambua kitaalamu mwaka 1936, na uchimbaji wa Neville Chittick huko Kilwa Kisiwani miaka ya 1960 ulitoa ushahidi wa tabaka ambao Walker hakuwa nao. Kisimani Mafia nako kumetoa sarafu nyingi za Kilwa, jambo linaloonyesha jinsi kisiwa hicho kilivyofungamana na dola hiyo.

Sultani anayewavutia zaidi watafiti ni al-Hasan bin Sulaiman, yule ambaye Ibn Battuta alimkuta madarakani mwaka 1331 na kumsifu kwa ukarimu. Zama zake ndizo za kasri la Husuni Kubwa na za utajiri wa dhahabu iliyopitia Sofala. Sarafu zake za shaba zimepatikana kwa wingi kiasi, lakini za dhahabu zinazojulikana ni tatu tu. Sarafu yake moja ya shaba ilikutwa katika magofu ya Great Zimbabwe, mbali kabisa na bahari. Kitu kidogo kama hicho, ambacho sokoni Kilwa pengine hakikununua zaidi ya samaki mmoja, ndicho ushahidi unaoshikika mkononi kwamba mji wa pwani na mji wa bara ilikuwa na uhusiano.

Safari ndefu kuliko zote ni ya sarafu tano za Kilwa zilizookotwa mwaka 1944 katika kisiwa cha Marchinbar, visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Mwanajeshi wa Australia, Morry Isenberg, aliyekuwa akilinda huko wakati wa Vita Kuu ya Pili, aliziona mchangani pamoja na sarafu nne za Kiholanzi. Aliziweka kwa miaka mingi kabla ya kuzipeleka kwa wataalamu. Zilifikaje huko? Wengine wanadhani zilibebwa na meli iliyovunjika, wengine wanafikiria mabaharia wa visiwa vya Indonesia, na wengine wanawataja Wareno, ambao waliiteka Kilwa mwaka 1505. Swali hilo lingekuwa na jibu la karibu zaidi kama mahali pa kuokotwa pangepimwa na kuchorwa siku ile ile. Mfano huu unafundisha kuhusu ukusanyaji kuliko kitabu cha bei: sarafu iliyotenganishwa na mahali ilipotoka imepoteza nusu ya maelezo yake, na nusu hiyo hairudi.

Baada ya Kilwa kuanguka, pwani iliishi kwa sarafu za wageni. Biashara kubwa ya Unguja katika karne ya 19 ilihesabiwa kwa reale ya Austria yenye picha ya Malkia Maria Theresa na mwaka 1780. Manunuzi madogo yalikuwa na shida, kwa sababu reale ni kubwa mno kwa mnunuzi wa kibaba cha mchele. Kuanzia miaka ya 1840 Sayyid Said aliagiza kutoka Bombay pesa za shaba za Kampuni ya Mashariki ya India, zile za robo ana, na watu wakazizoea haraka. Uzito wake wa karibu gramu 6 na nusu na upana wa milimita 25 hivi ukawa kipimo ambacho watawala waliofuata walikikaribia, maana mchuuzi aliyezoea uzito fulani mkononi hakubali kirahisi kitu chepesi zaidi.

Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliagiza Ulaya sarafu zake mwenyewe. Za dhahabu na za fedha zilikuwa chache, na leo hununuliwa mnadani na matajiri. Pesa za shaba za 1299 zilikuwa nyingi, na toleo jingine likafuata mwaka 1304, sawa na 1887. Upande mmoja una jina la Sultani na dua ya kumwombea ulinzi wa Mungu. Upande wa pili una mizani yenye vitanga viwili vilivyolingana, na chini yake tarehe kwa tarakimu za Kiarabu. Kwa hesabu za soko pesa 64 zilifanya rupia moja, na pesa 136 riyali moja. Anayetaka kubadilisha mwaka wa Hijra kwenda wa Miladia hupunguza asilimia 3 ya mwaka huo kisha akajumlisha 622; jibu hukosea kwa mwaka mmoja tu au lisikosee kabisa.

Pesa za Barghash hazikosekani. Pesa ya 1299 iliyolika bado hupatikana kwa bei ambayo mwanafunzi anaweza kuimudu, hasa Unguja na Mombasa. Iliyo adimu ni ile ambayo nyuzi za mizani bado zinaonekana moja moja, kuanzia kitangani hadi juu kwenye mtambo, na ambayo rangi ya hudhurungi imeenea sawasawa bila mikwaruzo. Mizani ndiyo sehemu iliyoinuka zaidi, kwa hiyo ndiyo iliyoanza kulika. Mnunuzi makini huitazama hiyo kwanza kwa kioo cha kukuzia, kabla ya kutazama tarehe.

Alama ya mizani ilivuka bahari hadi Mombasa. Kampuni ya Imperial British East Africa, ya William Mackinnon, ilipata hati ya kifalme mwaka 1888, na mwaka huo huo ikatoa pesa ya shaba yenye jina la Mombasa. Upande mmoja una jua lenye miale na taji juu yake, na upande mwingine mizani. Miaka miwili imeandikwa, 1888 na 1306. Pesa hizi zilichapwa katika viwanda viwili: zenye alama ya H zilitoka kwa Heaton wa Birmingham, na zenye herufi C na M zilitoka Calcutta. Alama hizo ni ndogo na wauzaji wengi hawazitazami, ingawa kwa mkusanyaji wa Mombasa sarafu moja ya kila kiwanda ndiyo lengo. Kampuni ilichoka mapema. Ilipofika 1895 serikali ya Uingereza ilichukua utawala, na pesa za Mombasa zikabaki kumbukumbu ya dola iliyodumu miaka saba tu.

Upande wa kusini, Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilitoa pesa yake mwaka 1307 wa Hijra, sawa na 1890. Upande mmoja una tai wa Ujerumani, na upande wa pili, ndani ya shada la majani, yameandikwa kwa Kiarabu maneno yanayomaanisha kampuni ya Ujerumani. Matoleo ni matatu: 1307, 1308 na 1309. La kwanza lilikuwa la takriban sarafu milioni 1, la mwisho lilizidi milioni 27. Kwa hiyo tofauti ya tarakimu moja mwishoni mwa tarehe ndiyo tofauti kati ya sarafu ya kawaida na sarafu ya kutafutwa, na asiyejua tarakimu za Kiarabu atazipita akidhani zote ni moja.

Mwaka 1904 serikali ya kikoloni ya Kijerumani iliachana na hesabu ya pesa 64 ikaigawa rupia kwa heller 100. Zikatolewa nusu heller na heller moja za shaba nyekundu, zikiwa na taji upande mmoja na thamani upande wa pili. Herufi A chini yake ni ya kiwanda cha Berlin, J ni ya Hamburg. Nyingi ni rahisi kupatikana. Ya kipekee ni heller 5 ya 1908 na 1909, dude la upana wa milimita 37 na uzito wa karibu gramu 20. Haikudumu, baadaye ikaja heller 5 ndogo yenye tundu katikati na isiyo ya shaba tupu. Heller 5 kubwa ambayo haina mapigo ukingoni ni vigumu kuiona, kwa sababu uzito wake wenyewe uliiumiza kila ilipoanguka au kugongana na nyingine mfukoni.

Sarafu za Tabora zinastahili kuzungumzwa zaidi. Vita Kuu ya Kwanza ilipofunga bahari, utawala wa Kijerumani ulikosa sarafu za kulipia askari na wapagazi. Mwaka 1916 mafundi wa karakana ya reli ya Tabora walianza kuchapa sarafu kwa zana walizokuwa nazo. Zilitolewa heller 5 za shaba ya njano, heller 20 za shaba ya njano na za shaba nyekundu, na rupia 15 za dhahabu yenye picha ya tembo. Mabaki ya shaba ya vita, yakiwemo maganda ya risasi za mizinga, yaliingia tanuruni. Kwa kuwa chapa zilichongwa kwa mkono na kubadilishwa kila zilipochakaa, heller 20 zina sura kadhaa. Katika baadhi taji ni kubwa na katika nyingine ni dogo. Ncha za herufi L katika neno HELLER huwa zimejikunja kwenye chapa moja na zimenyooka kwenye nyingine. Kuna ambazo picha imeteleza ikakatwa ukingoni, kuna zenye nyufa za chapa. Kasoro ambazo katika sarafu ya Berlin zingehesabika kuwa aibu ya kiwanda, hapa ni sahihi ya karakana. Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia Tabora, na kazi hiyo ilikuwa imekwisha. Miongoni mwa sarafu zote za Tanzania hakuna zinazosimulia mwaka mmoja kwa uwazi kama hizi, na anayetaka kuanzia mahali pamoja afadhali aanzie hapo.

Unguja nako jaribio la mwisho lilifanyika mwaka 1908, enzi ya Sultani Ali bin Hamud. Zilitolewa senti 1 na senti 10 za shaba, pamoja na senti 20 za nikeli, zikiwa na picha ya mti. Hazikushika soko, na zilizobaki ni chache; zina umri mdogo kuliko pesa za Barghash lakini ni adimu kuliko hizo kwa mbali. Rupia ya Unguja yenyewe iliondolewa tarehe 1 Januari 1936, na visiwa vikaingia katika shilingi ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki.

Mwaka huo huo wa 1936 ulileta sarafu yenye historia kubwa na bei ndogo. Mfalme Edward VIII wa Uingereza alikaa madarakani kuanzia Januari hadi Desemba tu, akajiuzulu kabla ya kutawazwa. Uingereza yenyewe haikuwahi kuweka sarafu zake sokoni. Lakini senti 5 na senti 10 za Afrika Mashariki zilikuwa na tundu katikati na hazikuhitaji sura ya mfalme, kwa hiyo zilichapwa kwa jina lake na kutumika Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Zilikuwa nyingi, na hadi leo hutokea katika makopo ya vifungo ya mabibi. Muuzaji anayetaja hadithi ya mfalme ili apandishe bei anauza hadithi, si uhaba.

Nje ya pwani, katika nchi inayosema Kiswahili, jimbo la Katanga lilijitenga na Kongo Julai 1960 na likarudishwa Januari 1963. Katikati ya kipindi hicho, mwaka 1961, serikali yake ilitoa faranga 1 na faranga 5 za shaba zenye mkungu wa ndizi upande mmoja na msalaba wa shaba upande mwingine. Msalaba huo haukubuniwa na serikali hiyo. Ni umbo la vipande vya shaba vilivyoyeyushwa na mafundi wa eneo hilo na kutumika kama mali na mahari karne nyingi kabla ya mkoloni.

Utunzaji wa shaba pwani ni kazi ngumu kuliko ununuzi. Chumvi ya bahari na unyevu huzaa ugonjwa wa shaba, unaojulikana kwa unga wa kijani kibichi uliopauka unaochimba vishimo na kurudi kila unapofutwa. Huo ni tofauti na utando mgumu wa kijani kilichokolea au wa hudhurungi, ambao kwa hakika unailinda sarafu na haufai kuondolewa. Kosa linaloharibu sarafu nyingi kuliko wizi ni kuzisugua kwa ndimu, majivu au dawa ya kung'arishia vyombo. Sarafu hutoka ikimetameta kama kijiko kipya, na muuzaji hudhani ameipandisha thamani; kumbe ameondoa ngozi ya juu pamoja na herufi nyembamba, na hakuna mkusanyaji wa dhati atakayeitaka. Inatosha kuondoa vumbi kwa brashi laini, kuishika kwa ukingo, na kuiweka katika bahasha ya karatasi isiyo na asidi, ndani ya kopo lenye vifuko vya kufyonza unyevu. Mifuko ya plastiki laini yenye harufu haifai kabisa, kwani hutoa majimaji ya kijani yanayonata.

Sarafu bandia nazo zipo, hasa katika maduka ya watalii. Nyingi hutengenezwa kwa kumimina madini katika kalibu, na kioo cha kukuzia huonyesha vitundu vidogo kwenye uwanda na mshono ukingoni. Sumaku ikiivuta sarafu inayodaiwa kuwa ya shaba, mazungumzo yaishie hapo. Mizani ya sonara humaliza mabishano mengi yaliyobaki, maana mghushi huiga sura kwa urahisi kuliko uzito.

Sheria nazo hazilingani. Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa nchini na watu kabla ya 1863, kwa hiyo sarafu za Kilwa zimo moja kwa moja: aliyezipata anatakiwa kutoa taarifa, na kuchimba bila kibali ni kosa. Pesa za Barghash na heller ziko nje ya mpaka huo wa mwaka. Kenya, sheria ya makumbusho na urithi ya 2006 inahesabu kuwa vya kale vitu vilivyotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895, na hivyo pesa ya Mombasa ya 1888 iliyoingia wakati ule haitakiwi kutolewa nje kiholela. Zanzibar ina taratibu zake.

Sarafu za karne ya 19 na ya 20, basi, ndizo uwanja halali wa mkusanyaji wa kawaida. Kwa za Kilwa, mvuvi au mkulima aliyeokota moja Mafia, Kilwa au Songo Mnara asiisugue wala asimwuzie mpita njia. Aiache katika udongo wake uliogandamana nayo, aandike mahali na siku aliyoipata, kisha aipeleke kwa ofisa wa Mambo ya Kale aliye karibu au Makumbusho ya Taifa.